Sahani ya Nne

Jumatatu, 6 Juni 1994
Nimempata! Miezi minane nakodolea macho madoa ya bakteria wa kijani, na leo doa moja limenikaidi. Wenzake wanang'aa na kufifia kila saa ishirini na nne, ingawa taa yao haizimwi. Huyu anachukua saa thelathini! Jeni fulani ndani yake imeharibika — nikiijua, nimeijua saa yao ya ndani. Mwalimu kasema nimpandikize kwenye sahani mpya, nisimpoteze, hana pacha. Bi Sugie, fundi wetu wa maabara, kacheka: "Goigoi, kama wewe asubuhi." Basi, jina limepatikana.

Jumanne, 7 Juni
Mchoro wa mashine inayopima mwanga wao ulisema Goigoi yuko sahani namba 5. Nimehesabu ya tano mezani, nikampandikiza Goigoi, nyingine nikazitupa. Bi Sugie kanimegea yai lake la kukunja. Nikamwambia ananidekeza. Anastaafu mwezi huu, asema, kisha atamdekeza nani?

Ijumaa, 10 Juni
Saa ishirini na nne. Kamili! Huyu si Goigoi.
Bi Sugie kageuka rangi. "Mwanangu, ulisoma namba chini ya sahani, au ulihesabu?"
"Nilihesabu."
Kajifunika uso kwa aproni. Miaka thelathini hajaandika 4 kwenye kitu chenye uhai. Kwa Kijapani nne ni shi, na shi ni kifo. Anaruka: tatu, tano. Ya tano mezani ilikuwa namba 6! Akainama kuomba radhi, nami nikainama zaidi — aliyekuwa mvivu wa kugeuza sahani ni mimi. Ningemkasirikiaje? Nampenda mno.
Kisha tukakumbuka: taka huchemshwa Ijumaa alasiri, kuua kila kijidudu. Mbio! Mfuko ulikuwa bado mlangoni. Sahani 5 imekauka, doa limekuwa njano. Ukingoni kijani kidogo sana. Nimekipandikiza.

Ijumaa, 24 Juni
Siku ya mwisho ya Bi Sugie. Mvua. Mwalimu kaleta keki, kalia machozi kuliko sisi.
Kijani kile kimeota! Kadoa kama punje ya ufuta, kako kwenye mashine tangu juzi. Namba kaandika Bi Sugie mwenyewe. Safari hii nimegeuza sahani. 4!
"Bi Sugie?"
"Huyu keshakionja kifo. Kimtishie nini tena?"
Mashine inaweka nukta moja mchoroni kila nusu saa. Saa tisa na nusu: wa kawaida wanapanda, wote. Goigoi, kama ndiye, anapaswa kuwa anashuka. Nukta yake ya mwisho — chini kidogo. Au mashine imetetereka? Bi Sugie hajawahi kukosa basi la saa kumi. Limepita sasa hivi dirishani. Kavaa tena aproni, kavuta kiti karibu na changu, na nukta inayofuata tunaingoja pamoja.