Mkono Usiotaka Salamu

Bwera, Jumamosi

Uprofesa wote huu, halafu nimeaibishwa na salamu! Nimemletea Mama mkono wa roboti wa kumnywesha chai, maana mikono yake siku hizi inatetemeka. Niliutengeneza usimame papo hapo ukiguswa, usije ukamuumiza mtu.

Lakini hapa kwetu nani anakaa kunywa chai kabla ya kusalimia? Kila jirani aliyeingia aliushika ule mkono, akautikisa, akauliza habari za nyumbani. Ukaganda kila mara. Chai ikapoa.

Nikawafokea, "Msiuguse! Huu umetengenezwa kushirikiana na watu!"

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mutoto yangu, hii ni damu yako kabisa. Mutu akiisogelea tu, inanyamaza."

Nikanyamaza.