Mkia Ambao Mume Wangu Aliniuliza Kama Nauona

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako mambo yasije yakaharibika, maana siwezi kumwambia mtu kwa sababu mtu mwenyewe ni mume wangu na tunafanya kazi maabara moja. Kazi yetu ni kutafuta maumbo ya protini, vitu vidogo visivyoonekana kwa hadubini ya kawaida, kwa hiyo tunazifanya ziwe fuwele, tunazipiga eksirei, kisha kompyuta inatupa ramani iliyo kama wingu na sisi tunalipanga umbo ndani ya wingu hilo, kipande kwa kipande. Mume wangu amehangaika miaka na protini moja ya bakteria, ile inayoikamata ribosomu, yaani mtambo unaosoma ujumbe wa jeni na kuunda protini nyingine, na mwili wake wote umetokea vizuri, ila mkia wake, ambao ndio unaoushika mtambo, haukutokea kabisa, na mkubwa wetu akasema mbele ya watu kuwa protini bila mkia ni kazi nusu, na mkataba wa mume wangu uko ukingoni, na mama mkwe ameshatangaza mtaa mzima kuwa mwanawe amegundua dawa.

Basi juzi mchana akaniita kwenye kompyuta yake, nikakuta mkia umekaa, nikatazama vizuri nikaona ameshusha kiwango cha kuchuja ramani chini mno hadi ukungu umejaa kila mahali, na kwenye ukungu mwenye hamu huona anachokitaka. Akaniuliza, "Unauona?" Nikamtazama usoni, amekonda, nikasema, "Nauona." Hakufurahi, alishukuru tu akazima kioo, na tangu siku hiyo kitandani ananipa mgongo. Sasa ripoti inakwenda kwa wataalamu wanaotaka kutengeneza kidonge cha kuunasa mkia huo, nami najiuliza, nimwendee mkubwa kwa siri, au ninyamaze nilinde ndoa yangu?

Mke Mwenye Macho

Mke Mwenye Macho, pole. Mzigo wako si mdogo, nami siufanyii mzaha. Mimi protini naijua kwenye maharage tu, kwa hiyo nilimpigia binamu yangu anayefundisha baiolojia. Akaniambia mkia wa namna hiyo hupotea kwa sababu hautulii, kama mtoto anayechezacheza wakati wa kupigwa picha, na kwamba watu wa kazi yenu huacha pengo na kuandika wazi kuwa hapa hapakuonekana kitu. Kumbe hata kutotulia kwake ni habari ya kuandikwa. Wewe ulilijua hilo kabla yangu.

Kwa mkubwa usiende peke yako. Ukimzunguka mumeo ukamshtaki, hata ukiwa na haki hatakuamini tena. Na kunyamaza pia usinyamaze, maana njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wa njia hii kuna wagonjwa wanaosubiri kidonge kilichotengenezwa kwa kufuata ukungu. Mama mkwe mwache atangaze. Mtaa una mambo mengi, utasahau.

Sasa nikugombeze kidogo. Umeandika barua ndefu kunieleza kosa la mumeo, na jibu umelipita humo humo. Anayeficha kitu hamwiti mwenye macho aje akitazame. Yule bwana alikuwa na shaka, akamtafuta mtu mmoja anayemwamini, akamuuliza. Alitaka umzuie. Wewe ukamwonea huruma ukamdanganya, na ndiyo maana hakufurahi. Mgongo anaokupa si wa hasira, ni wa mtu aliyeona amebaki peke yake na uongo wake.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kabla ripoti haijatumwa. Mfuate kwenye kompyuta ile ile, pandisha ramani irudi kwenye kiwango chake, na usimhutubie. Mkia aufute kwa mkono wake mwenyewe, kisha nendeni wote wawili kwa mkubwa mkamweleze kilichoonekana na kisichoonekana. Mkataba ukikatika, ukatike mkiwa upande mmoja. Lakini hayo ni baadaye. Kwanza vuta kiti, kaa karibu naye, ujibu swali lake upya: "Siuoni, mume wangu."