Matembezi ya Mume Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Leo mume wangu ameruhusiwa. Mshtuko wa moyo umepita, mshipa umezibuliwa. Sista akamweleza yote: dawa za asubuhi, dawa za jioni, asinyanyue mbao, atembee kidogo kidogo, kifua kikibana akimbilie hospitali. Akamuuliza kama yuko tayari kujitunza nyumbani. Ndiyo, ndiyo, ndiyo — kichwa kinaitikia tu. Seremala huyu, anayebishana hata na futi ya kupimia! Hapo ndipo shaka iliponiingia.

Jumatano, 6 Machi
Vidonge anameza amenipa mgongo. Nikamwambia geuka nione. Akacheka: tangu lini nimekuwa askari magereza? Vidonge vinapungua, sawa. Lakini kupungua si kumezwa. Nimepekua mpaka ndoo ya taka. Hamna kitu.

Ijumaa, 8 Machi
Ameanza matembezi. Nimsindikize — hataki. Anarudi amechelewa, shati limelowa jasho. Nimenusa kola. Sigara? Hapana. Manukato? Nayo hapana. Wifi anasema nimwache mwanamume apumue. Wifi naye! Humtetea kaka yake hata pasipo na kesi. Dalili ya mvua ni mawingu.

Jumapili, 10 Machi
Nimemfuata. Mama mzima, najibanza nyuma ya nguzo ya umeme. Aibu tupu. Akapita kibanda cha sigara bila kugeuza shingo. Karakana yake mwenyewe, hakuitupia jicho. Akashika njia ya hospitali. Nje ya mlango wa wagonjwa wa dharura kuna benchi — akaketi hapo.

Nikangoja mtu atokee. Nikamfikiria hata yule sista, Mungu anisamehe. Hakutokea mtu. Mume wangu kaweka kiganja kifuani, macho mlangoni, kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Mlinzi akamletea maji. Akamuuliza, kwani bado anaogopa kukaa nyumbani? Jibu sikulisikia. Niliona tu kichwa kinaitikia.

Nikawahi kurudi. Naye kaingia sasa hivi, anavua viatu. Nimemuuliza kafika wapi. Hapo sokoni tu, kasema, jua kali.

Kisha akaitazama miguu yangu. Vumbi tele, sikuwahi kunawa.

Nami nimeinamia daftari, naandika ili nisimtazame. Kavuta kiti. Kaketi karibu yangu kuliko kawaida, na kiganja chake kiko juu ya mkono wangu unaoandi—