Baba, picha ulizonikataza kunakili

Mpendwa Baba,

Nilikuasi. Ninaliandika hilo mwanzoni, usije ukadhani barua hii ni ya kuomba msamaha.

Unakumbuka ulivyofunga diski mbili ndani ya kompyuta ya studio yetu ya picha hapa Mantapala, makazini mwa wakimbizi? Ulitaka picha zifunguke haraka, na kweli zilifunguka. Nilikueleza kwamba mpangilio ule hukata kila picha vipande, vingine diski hii, vingine ile. Moja ikifa, zote zimekwisha. Nikaomba ninakili kila kitu kwenye diski ya tatu, tuiweke mbali. Ukanikaripia: "Weye mutoto, unachimbiaka mutu muzima kaburi?"

Kwako, kujiandaa kwa msiba ni kuuita. Lakini Baba, tulipokimbia vita tulifika kambi ya Kenani na nguo za mwilini tu. Hatukuwa tumejiandaa kwa lolote, na msiba ulitukuta vilevile.

Basi kila ulipokwenda ziwani kununua samaki, nilinakili. Diski nikaificha Kafutuma kwa dada yako, tantine Ngoie. Aliifunga nailoni, akacheka: "Baba yako akiuliza, miye sikukuona."

Miezi minne baada ya kukuzika, diski yako moja iligonga-gonga, ikanyamaza. Fundi wa mjini Nchelenge aliitazama mara moja. "Bon, iko mufu hii. Tupa, anza upya." Anza upya! Aliyewahi kuanza upya halitamki neno hilo kirahisi hivyo. Nilikasirika, nikaichukua diski yangu nikaondoka.

Nilifuata nakala Kafutuma. Nikafunga diski mpya mbili, nikazipanga kama ulivyozipanga wewe, nikaanza kurudisha. Mama Feza, jirani yetu, alikaa nami kutwa nzima. Picha pekee ya marehemu binti yake, uliyoipiga wewe, ilikuwa humo; ile ya karatasi ililoweshwa na mvua ikaharibika. Niliogopa, Baba. Kama nakala yangu ingekuwa mbovu, ningemwambia nini mama yule?

Picha ikafunguka. Sikuona machozi. Mama Feza alisogea karibu na kioo cha kompyuta, akaanza kumgombeza mtoto: "Ona nywele! Nilikuambia nikusuke kwanza, ukakatala. Ona sasa!" Alimgombeza hivyo kwa muda mrefu, kama mama yeyote anavyomgombeza mwanawe aliye mbele yake.

Kesho nanakili tena. Lala salama, Baba, nakupenda, na sijutii.

Binti yako asiyesikia