Nilivipima kwa Kidole

Mwanangu mpenzi,

Barua hii ikukute mzima, wewe na mumeo. Mimi baba yako nipo. Goti linauma, lakini randa bado naisukuma kuliko vijana wote wa hapa karakana, na wenyewe wanakiri. Mama yako anakusalimu, hajui ninachoandika. Ningepiga simu, ila ningeishia kuuliza habari za mvua.

Mwanangu, siku uliyonionyesha maabara yenu nilijiona mfalme. Ulinieleza kwamba kirusi kikiingia kwenye seli huleta RNA yake, uzi wa maagizo, na kwamba protini yake huushika uzi huo na kuuficha, walinzi wa seli wasiuone. Mlitaka kujua inashikia wapi. Nikaitikia kwa kichwa kama profesa. Mwenzako yule mrefu mnayemwita Twiga akaniletea glavu. Nikamcheka, nikamwambia mikono hii imetengeneza milango ya nusu ya mji na haijaharibu kitu. Akasema haya mzee, basi usiguse.

Juzi ulipokuja kula kwetu ukasema kazi imeharibika, RNA yote imekatikakatika, maana jasho la kidole tu latosha kuimaliza. Ukasema ni uzembe wa Twiga, hamsemeshani tena, na umemwomba mkubwa wenu amwondoe. Ukamwita kila jina mezani kwangu. Nami, mzee mzima nisiyeogopa mtu, nikaomba chumvi.

Binti yangu, ni mimi. Siku ile ya maabara, wewe na Twiga mlipotoka kupokea mzigo mlangoni, nilifungua vile vichupa vya RNA vya kwenye barafu. Ulisema protini inaushika uzi, na fundi akiambiwa kitu kimeshika, hupima kwa kidole. Gundi naipima hivyo tangu ujana wangu. Nikagusa kimoja, kingine, mpaka cha mwisho, nikasugua vidole, nikaona majimaji tu. Nikavifunga. Hata nikajisemea moyoni, hawa watoto gundi yao haishiki.

Mkimbilie mkubwa wenu kabla hajaamua, mwonyeshe barua hii, mwandiko wangu mbaya asiujali. Twiga usimpe salamu zangu, sina uso wa kumsalimu kwa mkono wa mtu. Nitakuja mwenyewe nimwombe radhi pale mlangoni, ndani sikanyagi. Na akiniletea glavu, mwanangu, nitazivaa palepale nje, watu wakinitazama.

Mkumbatie mumeo. Mungu akuweke.

Ni mimi baba yako,
fundi wa milango