Mashine Haiulizi Hali ya Goti

Mtani wangu Yona,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, niliiona ikishushwa kaburini kwa kamba kule Mvumi. Naanza na swali lililoninyima raha wiki zote hizi: kwa nini ulitudanganya?

Usijifanye hujui. Nazungumzia barua pepe.

Ofisi yetu ya chama cha wakulima wa zabibu iko palepale Ihumwa. Kiti chako kimekaliwa na mafaili. Kompyuta yako nimebaki naijua mimi, mhudumu wa ofisi, kwa sababu miaka minne nimesimama nyuma yako na chupa ya chai nikijifanya nangoja kikombe. Ulijua nachungulia. "Mhehe, unavyoikodolea macho hii skrini utadhani kuna mbwa wa kitoweo chenu ndani," ulikuwa ukisema bila kugeuka. Kisha unasogea kidogo, nione vizuri.

Basi ulipoondoka, meneja akanikabidhi kazi ya kubonyeza. Nafungua kanzidata yako ya wakulima, nabonyeza TUMA, wanunuzi wanapata taarifa ya shamba gani limeiva, na kisanduku kinajitokeza: "Barua zote zimetumwa." Nikakiamini. Wiki ya pili wakulima wa Mvumi wakapiga simu kwa hasira: zabibu zimeiva, nyuki wamejaa shambani, hakuna mnunuzi aliyefika. Wanunuzi nao wakasema hawajapata barua hata moja.

Meneja akaniangalia kama mwenye nyumba anayehesabu vijiko wageni wakishaondoka. "Mama Tulia, mashine ilikuwa nzima mikononi mwa Yona. Wewe umeichokonoa nini?" Akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Ikae sawa, au nitafute pengine pa kuchemshia chai.

Nilimshuku kila mtu. Nilimshuku fundi wa intaneti. Nilimshuku karani wa stoo, kwa sababu tu alininunulia soda bila sababu. Wewe nilikuweka mwisho wa orodha, kwa heshima ya msiba.

Nikafungua yale maelekezo uliyoiandikia mashine, nikayafuata mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini. Karibu na juu kuna mstari mmoja ambao sikuwahi kukuuliza maana yake. Unaiambia mashine: ukikwama, nyamaza, endelea mbele. Kumbe ilikuwa ikikwama kwenye kila barua, inanyamaza, halafu mwisho inatangaza kwamba zote zimekwenda. Nikaufuta ule mstari, nikabonyeza tena. Papo hapo ikalalamika: neno la siri limekataliwa. Huduma ya barua pepe ilishabadili utaratibu wa kuingia, na programu yako bado ilikuwa inabisha hodi kwa utaratibu wa zamani. Notisi ya mabadiliko nikaikuta kwenye sanduku letu. Ina umri wa miaka miwili. Na imefunguliwa, Yona. Imesomwa.

Miaka miwili mashine haijatuma kitu. Sasa zile barua walizokuwa wakipata wanunuzi zilitoka wapi?

Nikaenda kwenye zilizotumwa. Programu yako inajua kusema jambo moja tu: "Ndugu mnunuzi, unajulishwa kuwa mashamba yafuatayo yapo tayari." Lakini nilichokikuta ni hiki: "Mama wa Chimwaga, shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa usiipake juani. Zabibu za kwa Mzee Lameki ziko tayari, wahi kabla ya Ijumaa." Nyingine unampa mtu hongera ya mjukuu. Nyingine unamtania dereva wa kiwanda cha mvinyo kuhusu timu yake. Zimepishana dakika nne, dakika tano, na zote ni za saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo ofisi imefungwa, na ufunguo uko kwenye pindo la kanga yangu.

Ulikuwa unaandika nyumbani, kwa simu. Moja moja.

Hapo nikakwama. Kuitengeneza mwenyewe nilikuwa bado sijathubutu. Nikisema, nabaki na kazi. Lakini siku ya mazishi meneja alisimama akakusifu kwamba umetuachia mashine inayojiendesha yenyewe, na mkeo, Mama Neema, alilia huku ameinua kichwa. Ningemnyang'anyaje sifa hiyo? Nikanyamaza kama mashine yako.

Ikafika siku ya kumaliza msiba. Nikakumbuka mimi ni mtani, na mtani msibani hana wa kumfunga mdomo. Nikaazima koti lako na miwani yako. Nikakaa kwenye kigoda mbele ya watu wote, meneja akiwa mstari wa mbele, nikatoa simu, nikakuigiza: unavyokunja midomo, unavyoandika kwa kidole kimoja, unavyocheka kabla hujamaliza utani wako mwenyewe. "Jamani, mashine yenyewe ndiyo hii! Mgogo huyu amewadanganya miaka miwili!"

Watu walicheka mpaka sufuria zikasahauliwa jikoni. Kisha Mama Neema akasimama, mikono kichwani.

"Kumbe! Miaka miwili kila alfajiri mtu anajifunika shuka na simu, anacheka peke yake! Mimi nikajua ana mwanamke!"

Akakaa chini. Akacheka, akalia, sijui kipi kilianza. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba kuna mwenzangu anakushuku kuliko mimi.

Wakati wa kuondoka meneja alinipitia karibu, akakohoa. "Jumatatu uje mapema." Kwa zabibu zilizobaki tuliwapigia wanunuzi simu, zikachukuliwa. Baadhi zilikauka, siwezi kukuficha.

Mashine nimeitengeneza Jumatatu hiyo. Nusu siku tu, mtani, na mistari mitatu. Mimi wa chupa ya chai! Kwa hiyo usiniambie kwamba wewe ulishindwa. Hukutaka. Hilo utanijibu tukionana, na ukae ukijua sitasahau kuuliza.

Sasa lala, Mgogo wewe. Ninachokuahidi ni hiki: barua zako zote nimezichapa, rundo zima, na Jumapili nampelekea Mama Neema azisome mwenyewe, aondoe shaka. Usiogope. Nimezipitia kwanza, mara mbili, hata za dereva. Uko salama.

Mtani wako,
Mama Tulia