Mawe Juu ya Bati la Baba

Mpendwa mshauri,

Sauti iliyonibaki si ya radi wala ya ziwa kupiga miamba, ni ya bati moja kubanduka, sauti ndogo tu, kama kopo la maziwa ya unga linapofunguliwa, na naomba msaada wako kwa sababu bati lile lilikuwa la jirani yangu Mama Mboni, na aliyelibandua, ukiacha upepo, ni mimi.

Nina miaka ishirini na sita na shahada ya jiografia, naishi na baba yangu hapa Ilemela, kwenye kilima cha mawe juu ya ziwa, ambako watu hukandamiza mabati kwa mawe ili upepo usiyachukue. Kabla ya masika mwenyekiti wa mtaa aliomba mtu wa kuwaelimisha majirani kuhusu dhoruba, nikanyoosha mkono hajamaliza kusema, nikaandika mwongozo wa kurasa kumi na moja, nikapita nyumba kwa nyumba nikieleza kwamba upepo ukizidi mawe huporomoka na kuua, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuyashusha, ya pili ni kuongeza misumari na kuzifunga kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwenye ukuta. Wengi walinisikiliza kwa adabu wasifanye lolote. Mama Mboni aliniamini. Ni mjane, na mawe yale aliyapandisha marehemu mumewe, lakini alisema, "Mwanangu umesoma, sisi tunabahatisha tu," tukayashusha yote kumi na tisa, nikaahidi kurudi Jumamosi na fundi. Sikurudi. Jumamosi ile na mbili zilizofuata nilikuwa narekebisha ukurasa wa saba, ambao niliona hauna mtiririko.

Dhoruba ilikuja Jumapili asubuhi. Mabati matatu ya Mama Mboni yaliondoka, godoro likalowa, na cherehani anayoitegemea ikalowa. Kwetu halikutikisika bati hata moja, kwa sababu, mshauri, juu ya paa letu kulikuwa na mawe kumi na manne. Baba alisema, "Kaelimishe wenzako, mimi niachie mawe yangu," nami sikubishana naye, na nyumba ya Mama Mboni iko juu kidogo ya yetu, akifungua dirisha anayaona.

Nilipokwenda kumpa pole aliniambia, "Usilie, wewe si upepo." Afadhali angenitukana. Kwa siku tisa sasa napita njia ya nyuma, kwenye miamba, na viatu vya kazini, nisije nikakutana naye nikalazimika kumwamkia. Jana alimtuma binti yake: Jumamosi niende tukayarudishe mawe, yakandamize turubai alilotandika palipobanduka. Nikienda, nampandishia juu ya kitanda kitu ninachojua kinaweza kumuua. Nikikataa, nikatae kwa uso upi? Nimeandika hoja za pande zote mbili. Zimefika kurasa nne.

Kija, Ilemela

Kija,

Ukurasa wa saba naupa pole.

Kuhusu mawe ulikuwa sahihi, kwa hiyo usiyarudishe. Kosa lako ni kwamba ulimwondolea mjane kilichoshika paa lake kabla hujampelekea kingine. Msumari kwanza, jiwe baadaye. Fundi yeyote angekuambia, kama ungemwuliza.

Nakuhurumia, lakini aibu yako umeizoea mno, binti. Unaigeuza huku na huku kama ukurasa ule. Mama Mboni haimsaidii kitu. Yeye anataka paa.

Usingoje Jumamosi. Kesho mpeleke fundi, wewe umshikie ngazi. Misumari ya bati mirefu, yenye mpira. Kenchi zifungwe ukutani kwa waya mnene. Mwambie Mama kwamba upepo ukianza aingie chumba cha ndani, asitoke nje kushikilia bati. Mwambie pia kwa mdomo wako, bila karatasi, ulikokuwa Jumamosi tatu. Kisha nenda kwa baba yako. Mpaka mawe yake yashuke, usipige hodi kwa mtu ukiwa na ushauri.

Dada Sabina

Wiki iliyofuata Kija aliandika tena:

Dada Sabina, fundi Josephat alimaliza kwa Mama Mboni Alhamisi. Nilimshikia ngazi. Nilimweleza Mama yote, hata ukurasa wa saba, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akauliza, "Na baba yako je?"

Baba alisema mawe yake yatashuka siku nitakayopanda kuyashusha mwenyewe, akidhani nitaogopa. Niliogopa. Jana mchana, fundi alipokwisha kupigilia, nilipanda nikaanza kushusha mawe kwa ndoo na kamba. Mama Mboni akafungua dirisha. Nikamwamkia nikiwa nimepiga magoti, kama bibi yangu alivyonifundisha, ila juu ya bati la moto, jiwe mkononi.

"Marahaba," akasema. "Hilo la ngapi?"

"La tatu."

Akavuta kiti dirishani, akayahesabu kwa sauti, kilima kizima kikisikia, mpaka la kumi na nne.